Ripoti ya GC-MS ina majina 31, lakini wekundu wa bbugga haumo: nimekosea wapi?

Swali kutoka kwa Dada_Mukono

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya chakula, ninaishi Mukono, na utafiti wangu unahusu bbugga, ule mchicha mwekundu unaouzwa kwa mafungu Kalerwe, Nakasero na karibu kila soko la Kampala, ambao nyumbani kwetu hufungwa kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke juu ya matooke. Lengo langu ni kutambua kampaundi zilizomo katika majani hayo ambazo huenda zina manufaa kwa afya, na katika pendekezo la utafiti niliandika kwamba wekundu huo unatokana na anthosianini, kama ulivyo wekundu wa zabibu na wa jambula.

Nilianza na vipimo vya kawaida tunavyofundishwa chuoni. Kipimo cha Folin-Ciocalteu, kinachosomwa katika nanomita 765, kilionyesha polifenoli nyingi kiasi cha kunifurahisha, lakini kipimo cha DPPH, kinachosomwa katika nanomita 517, kilionyesha uwezo mdogo wa antioksidanti, jambo ambalo sikuweza kulieleza. Msimamizi wangu akaniambia kwamba majarida hayaridhiki tena na vipimo hivyo viwili peke yake, na kwamba ni lazima nitumie kromatografia pamoja na spektrometria ya masi. Basi nikayakausha majani juani kwa siku tatu, nikayasaga, nikayaloweka katika methanoli kwa saa 48 ndani ya chupa ya plastiki, kisha nikapeleka dondoo katika maabara moja ya kulipia.

Baada ya wiki tano nilipokea ripoti ya GC-MS (kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometria ya masi) yenye majina 31, kila jina likiwa na asilimia ya eneo la kilele chake na asilimia ya ulinganifu na maktaba ya mashine. Majina ya juu kabisa ni esta ya methili ya asidi ya heksadekanoiki, fitoli, neofitadieni, siloksani za aina nne na ftalati moja. Anthosianini haimo hata moja, rutini, polifenoli niliyoitarajia, haimo, na kwa jumla hakuna chochote chenye rangi. Nilipopiga simu kuuliza, nilijibiwa kwamba mashine haikosei na kwamba huenda mchicha wangu hauna kitu.

Nimebakiwa na fedha za kupima mara moja tu. Je, ripoti hii inaweza kutumika katika tasnifu jinsi ilivyo? Na kama haiwezi, nipime kwa njia gani ili nisipoteze fedha tena? Nitashukuru kwa ushauri wa yeyote mwenye uzoefu.

Jibu la Mkemia_Ntinda

Dada, pole kwa gharama. Mchicha wako una kitu, na mashine haikukosea pia. Ilipewa kazi isiyo yake.

Katika kromatografia ya gesi, sampuli hudungwa kwenye chumba chenye joto la nyuzi 250 hivi, hugeuka mvuke, na mvuke huo husukumwa na gesi kama heliamu kupitia neli nyembamba ambayo kwa kawaida ina urefu wa mita 30, ndipo ufike kwenye spektrometa, inayovunja molekuli kuwa vipande vyenye umeme, yaani ioni, na kupima masi yake. Kwa hiyo kampaundi isiyoweza kugeuka mvuke bila kuvunjika haitafika, hata kama imejaa tele ndani ya jani. Rutini, ambayo imebeba sukari mbili na ina uzito wa molekuli wa 610, huungua pale mlangoni na kubaki kama masizi. Rangi yako nyekundu ni nzito kuliko hiyo. Kuitafuta kwa GC-MS ni sawa na kutega ndege kwa ndoano ya samaki.

Sasa itazame ripoti yako kwa jicho la mtu anayejua mashine hizo. Fitoli na neofitadieni ni mabaki ya klorofili: fitoli ni mkia wa klorofili uliokatika, pengine ndani ya kile chumba cha joto chenyewe. Esta ya methili ya asidi ya heksadekanoiki huenda haikuwamo kabisa kwenye jani, kwa sababu asidi ya mafuta ikikaa muda mrefu ndani ya methanoli inaweza kuungana nayo na kuwa esta. Hapo wewe ndiye uliyeitengeneza kwa saa zako 48. Siloksani hutoka kwenye utando wa ndani wa neli ya mashine na kwenye kizibo cha mpira cha kichupa, na ukifungua picha za vipande vyake utakuta ioni za 73, 207 na 281, ambazo kila fundi wa GC anazifahamu kama sura ya jirani yake. Ftalati, yenye ioni yake ya 149, ni ya chupa yako ya plastiki. Nimesoma tasnifu zaidi ya moja ambazo siloksani za namna hiyo zimeandikwa kwenye jedwali kuwa ni kampaundi za mmea, na mbele ya kila moja pameandikwa kwamba inazuia saratani. Usiingie katika kundi hilo.

Zile asilimia nazo zinahitaji maelezo. Asilimia ya ulinganifu haisemi uwezekano wa jina kuwa sahihi. Mashine imeilinganisha picha ya vipande ilivyopata na picha zilizomo katika maktaba yake, na ikakupa inayofanana zaidi. Kama kampaundi yako haimo katika maktaba, bado itakupa jina la anayekaribiana naye, kwa sababu haikufundishwa kukaa kimya. Asilimia ya eneo nayo si kiasi. Ni sehemu ya vile tu vilivyofika, na vitu viwili vyenye kiasi kimoja vinaweza kutoa vilele vya ukubwa tofauti kabisa.

Jambo la pili litakulazimisha kubadili pendekezo lako. Wekundu wa mchicha hautokani na anthosianini. Mchicha umo katika oda ya Caryophyllales, pamoja na bitiruti, bogenvilia na dungusi kakati, na mimea mingi ya oda hiyo hutengeneza rangi za kundi la betalaini badala ya anthosianini. Mpaka leo haujapatikana mmea wa asili unaotengeneza zote mbili. Betalaini zina naitrojeni ndani yake, anthosianini hazina, na hilo litakusaidia baadaye kwenye spektrometa. Rangi kuu ya mchicha mwekundu huitwa amarantini, jina lililotokana na mmea wenyewe.

Hili unaweza kulithibitisha leo jikoni kabla ya kutumia shilingi moja zaidi. Loweka majani mabichi yaliyokatwakatwa katika maji baridi, chuja, kisha gawa maji hayo mekundu katika glasi tatu. Glasi moja iache, ya pili tia maji ya limau, ya tatu tia magadi. Anthosianini ikitiwa limau hung'aa wekundu, na ikitiwa magadi hugeuka buluu au kijani. Betalaini haitishiki na limau, hubaki na urujuani wake, lakini katika magadi hufifia na kuwa ya manjano. Fanya jaribio lilelile kwa maua makavu ya rosela, yale ya chai nyekundu, ambayo anthosianini zake zinajulikana vizuri, upate cha kulinganisha.

Njia inayokufaa ni kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi, yaani LC-MS. Humo sampuli haichomwi. Husukumwa ikiwa imeyeyuka katika safu ya C18, yaani neli iliyojazwa chembe zilizopakwa minyororo ya kaboni 18 inayopenda mafuta, kwa mchanganyiko wa maji yenye asidi fomiki kidogo na asetonitrili inayoongezwa polepole, na kila kampaundi hutoka kwa wakati wake kulingana na jinsi inavyopenda maji au mafuta. Mwishoni mwa safu hunyunyizwa kupitia sindano yenye umeme, na matone yakikauka huacha ioni nzima nzima tayari kupimwa. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2002, na bila hiyo molekuli dhaifu kama hizi zisingepimika kwa urahisi. Omba wapime katika hali chanya, yaani ioni zenye chaji chanya. Amarantini itaonekana katika m/z (masi ya ioni ikigawanywa kwa chaji yake) ya 727, na ikivunjwa itaacha kiini chake, betanidini, katika 389. Utaona vilele viwili vyenye masi hiyohiyo vikifuatana: amarantini na pacha wake isoamarantini, ambao hutofautiana kwa jinsi kundi moja lilivyogeukia upande wa pili. Usishangae, wala usidhani mashine imerudia hesabu.

Niruhusu nieleze kwa nini utenganisho huja kabla ya mizani, yaani spektrometa, maana jani lako lina mfano mzuri kupita kiasi. Amarantini ikipoteza asidi ya glukuroniki hubaki na ioni ya 551. Katika jani hilohilo kuna luteini, rangi ya manjano iliyo muhimu kwa macho, ambayo yenyewe ina masi ya 568 lakini hupoteza maji kwa urahisi na kuonekana katika 551 pia. Spektrometa ya kawaida inayosoma namba nzima haiwezi kuzitofautisha. Ile yenye uwezo mkubwa wa kupambanua itasoma 551.151 kwa ya kwanza na 551.425 kwa ya pili, na jambo likaisha. Lakini hata bila mashine hiyo ghali, safu ya C18 inazitenga mbali, kwa kuwa moja hutoka mapema na maji na nyingine hung'ang'ania mpaka mwisho, na pia ukidondoa kwa maji luteini haitakufuata. Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea wa Urusi aliyeanza kueleza utenganisho wa namna hii mwaka 1903, alikuwa akitenganisha rangi za majani kama haya katika neli ya chokaa, na alizipambanua kwa macho yake tu.

Kuhusu tasnifu: kwa ripoti ile, hapana. Weka kilele ulichopata, usiliweke jina.

Jibu la Fundi_Jinja

Namuunga mkono Mkemia, ila mimi nitarudi nyuma kidogo, kabla sampuli haijafika kwenye mashine, kwa sababu huko ndiko kazi nyingi zinakoharibikia na hakuna mashine inayoweza kuzirekebisha.

Betalaini haipendi joto, mwanga wala hewa. Ulipoanika majani juani kwa siku tatu uliipa vyote vitatu, na zaidi ya hapo vimeng'enya vya jani viliendelea kufanya kazi yake mpaka jani lilipokauka kabisa. Safari hii nunua asubuhi, weka kwenye kasha lenye barafu, na ukifika maabara gandisha mara moja. Ukipata mashine ya kukausha kwa kugandisha, itumie. Usipoipata, dondoa majani mabichi siku hiyohiyo na upime unyevu wake kwa fungu lingine, uweze kuandika matokeo kwa gramu za jani kavu. Majani haya ni maji kwa sehemu kubwa, na wachuuzi huyanyunyizia mengine ili yasinyauke, kwa hiyo namba iliyoandikwa bila kusema kama ni ya jani bichi au kavu haina maana kwa msomaji. Nunua kwa wachuuzi kadhaa na katika masoko zaidi ya moja. Chukua pia tawi lenye maua, upeleke kwenye hebariamu ya Makerere likatambuliwe, kwa maana jina la bbugga sokoni linaweza kubeba spishi zaidi ya moja ya Amaranthus.

Dondoa kwa maji baridi yenye methanoli, nusu kwa nusu, na chembe ya asidi askobiki ya kuilinda rangi, gizani, kwa dakika chache tu. Saa 48 ni za kutengeneza pombe. Ila dondoo hilo usilipime kwa Folin, kwa sababu asidi askobiki humenyuka na Folin kama polifenoli, na hata ile iliyomo katika jani lenyewe imekuongezea namba uliyoifurahia. Tumia chupa za kioo cheusi au zifunge kwa karatasi ya alumini. Na katika kila kundi la sampuli andaa moja tupu, yaani viyeyushi vilevile vipite hatua zilezile bila jani. Kama maabara ile ingefanya hivyo, siloksani na ftalati zingeonekana kwenye sampuli tupu na zingefutwa kabla hazijakufikia.

Kuhusu DPPH iliyokushangaza, nadhani jibu liko kwenye rangi yenyewe. Kipimo hicho huhesabu jinsi urujuani wa DPPH unavyopungua katika nanomita 517, lakini amarantini nayo hufyonza mwanga jirani kabisa, kilele chake kikiwa karibu na nanomita 536. DPPH ikipungua, dondoo lako linaendelea kufyonza palepale, na mashine inaona kwamba hakuna kilichopungua. Ulipaswa kusoma dondoo peke yake, bila DPPH, na kuondoa usomaji huo. Rudia hesabu kama bado unazo namba.

Nyongeza moja ya kwetu: uliza maabara kama wana umeme wa akiba. Pampu ya utupu ya spektrometa ikizimika ghafla, mashine huhitaji saa nyingi kutulia tena, na sampuli zinazosubiri kwenye trei bila ubaridi zinapauka. Nimewahi kuona trei nzima ya dondoo jekundu ikiwa rangi ya chai asubuhi yake.

Jibu la Mwalimu_Mbarara

Naomba GC-MS isitukanwe kupita kiasi. Kwa mafuta ya simsim inayolimwa kaskazini, ukizigeuza asidi za mafuta kuwa esta za methili kwa makusudi na kwa utaratibu unaojulikana, hakuna njia bora zaidi ya kuonyesha kiasi cha asidi oleiki na linoleiki. Steroli za mimea pia hupimika vizuri baada ya kuvalishwa kundi la trimethilisilili ili ziruke. Na hata majina ya maktaba yanaweza kuimarishwa: pitisha mfululizo wa alkani katika hali ileile, kokotoa kielezo cha Kovats, yaani namba inayoonyesha muda wa kutoka kwa kuulinganisha na ule wa alkani hizo, njia inayotumika tangu mwaka 1958, kisha linganisha na thamani zilizochapishwa. Jina lililokubaliwa na picha ya vipande na pia na kielezo hicho lina uzito. Kwa hiyo, Dada, usiitupe data yako mbichi. Omba faili zenyewe kutoka maabara, si kurasa nne za karatasi. Umezilipia.

Jibu la Afisa_Lishe_Lira

Nimefuatilia kwa makini, na ninalo la kuuliza kutoka upande wa wanaokula. Tuseme umeipata amarantini. Kina mama wa huku watafaidi nini? Ninachojua ni kwamba binadamu waliokunywa juisi ya bitiruti walitoa katika mkojo chini ya asilimia 1 ya betanini, rangi nyekundu ya bitiruti, waliyoimeza, na kwamba Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa hifadhidata yake ya thamani za ORAC, kipimo cha uwezo wa antioksidanti, mwaka 2012, kwa kuwa namba za antioksidanti zilizopimwa kwenye neli zilikuwa zikitumiwa kuuza vyakula bila ushahidi kwamba zinatenda hivyo mwilini. Jani hilohilo lina beta-karotini, ambayo kazi yake mwilini haina mjadala: mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula huhesabiwa kuwa sawa na mikrogramu 1 ya retinoli, yaani vitamini A. Kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa tulikwenda kwa wakulima na namba hizo, na Mganda mwenzetu Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Kama fedha ni za kipimo kimoja, mimi ningezipeleka huko.

Jibu la Mkemia_Ntinda

Afisa, hoja yako ni ya haki, na ningependa tasnifu nyingi zaidi zianze na swali lako. Lakini tahadhari: karotini hazipimiki kwa hesabu ileile. Hazipendi maji, kwa hiyo hudondolewa kwa asetoni baridi na kuhamishiwa kwenye petroli etha, na safu inayofaa ni ya C30, kwa kuwa ile ya C18 huzibana pamoja aina za trans na sis, yaani maumbo mawili ya molekuli ileile. Hapo pia mizani haitoshi: beta-karotini, alfa-karotini na likopeni zote zina fomula moja, C40H56, na masi moja ya 536, na kinachozitenga ni muda wa kutoka kwenye safu na umbo la mwanga zinaofyonza. Habari njema ni kwamba kwa beta-karotini huhitaji spektrometa ya masi kabisa. Kigunduzi cha mwanga katika nanomita 450 pamoja na kiwango rejea kinachouzwa, yaani kampaundi safi ya kulinganishia, vinatosha, na gharama yake ni ndogo kuliko LC-MS.

Kwa maoni yangu Dada afanye hivi: beta-karotini kwa kigunduzi cha mwanga, kwa majani mabichi na kwa yaliyoivishwa juu ya matooke, na ile fedha ya LC-MS aitumie kwa dondoo moja au mawili tu ya kuthibitisha rangi. Kiasi cha rangi katika sampuli nyingine zote kipimwe kwa spektrofotometa ya chuo, bure.

Dada_Mukono

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu na nina la kuwaeleza. Maji ya bbugga yaliyotiwa limau hayakubadilika. Yaliyotiwa magadi yalipauka na kuwa ya manjano wakati nikiyatazama, na yale ya rosela yaligeuka rangi ya wino. Msimamizi wangu aliyatazama yale manjano kwa muda, kisha akaniambia nifute neno anthosianini katika sura ya kwanza.

Nimerudia DPPH kwa kuondoa usomaji wa dondoo peke yake, na thamani imepanda. Nimepima LC-MS katika maabara nyingine, kwa dondoo la siku hiyohiyo, na vilele viwili vya 727 vimeonekana, vyote vikivunjika kuwa 551 na 389. Kwa ushauri wa fundi wa huko nilipeleka pia maji ya bitiruti kutoka sokoni, na kiini cha 389 kimejitokeza na huko, kutoka kwenye 551. Ila kiwango rejea cha amarantini sikukipata kwa muuzaji yeyote. Je, ninaruhusiwa kuandika amarantini katika jedwali? Na kwa spektrofotometa nikokotoe vipi?

Jibu la Mkemia_Ntinda

Andika, lakini andika pia kiwango cha uhakika wake. Tangu mwaka 2007 wanasayansi wa metaboliti wanatumia ngazi nne: ya kwanza ni ya kampaundi iliyolinganishwa na kiwango rejea halisi katika mashine ileile, kwa sifa mbili huru kama muda wa kutoka na vipande, ya pili ni ya jina linalopendekezwa kwa ushahidi wa vipande na maandiko, ya tatu ni ya kundi tu, ya nne haijulikani. Amarantini yako ni ya ngazi ya pili. Bitiruti imekusaidia kuonyesha kwamba kiini ni kilekile, lakini spektrometa haiwezi kukuambia kama ile sukari ya 162 (tofauti kati ya 551 na 389) ni glukosi au galaktosi, maana masi zao ni sawa. Majina mengine yote ya ripoti ya kwanza yaliyobaki baada ya kuondoa siloksani na ftalati nayo ni ya ngazi ya pili kwa bora yake, na mengi ni ya tatu.

Kwa kiasi, tumia mgawo wa ufyonzaji wa amarantini, ambao ni lita 56,600 kwa moli kwa sentimita, na uzito wa molekuli wa 726.6. Kwa mfano, dondoo lililozimuliwa mara 10 likisoma 0.60 katika nanomita 536, basi 0.60 mara 10 mara 726.6 mara 1,000, gawa kwa 56,600, unapata miligramu 77 kwa lita. Kama dondoo lote lilikuwa mililita 50 kutoka gramu 5 za jani bichi, hiyo ni miligramu 77 kwa gramu 100. Ondoa kwanza usomaji wa nanomita 700 ili uchafu uliobaki usihesabiwe kuwa rangi. Halafu pima na yale maji yanayodondoka kwenye jani la mgomba wakati wa kuivisha, kwa sababu rangi hii huyeyuka katika maji, na sehemu yake iko humo.

Jibu la Fundi_Jinja

Na uyapime yangali moto, Dada. Yakilala, kesho yake utapima chai.